Mkurugenzi Anapotia Sahihi: Kasoro za Neno "Dhamana"

Mwaka 2021 sheria ya Tanzania ilirekebishwa, Kiswahili kikawa lugha ya sheria na ya mahakama. Hapana budi basi istilahi za mikopo zipimwe upya, kwani kosa la mtafsiri sasa laweza kumpotezea mtu nyumba.

Neno linalostahili kuchunguzwa kwanza ni dhamana. Mtuhumiwa huachiwa kwa dhamana. Hati ya kiwanja huwekwa benki kuwa dhamana. Redio huuzwa kwa dhamana ya mwaka mmoja. Waziri hupewa dhamana ya wizara. Katika mazungumzo hapana anayepotea. Katika mkataba wapo wanaopotea.

Tuchukue mfano. Kampuni imekopa shilingi milioni 50, na mkurugenzi wake ametia sahihi "dhamana binafsi". Kisheria kampuni ni mtu mbali na wakurugenzi wake. Msingi huo ulithibitishwa Uingereza mwaka 1897 katika shauri la Salomon. Kwa kawaida, basi, deni la kampuni si deni la mkurugenzi. Sahihi yake ndiyo inayouvuka mpaka huo. Lakini aliyezoea dhamana ya polisi hudhani kazi yake ni kumleta mdaiwa tu. Aliyezoea dhamana ya hati hudhani hatadaiwa zaidi ya mali iliyotajwa. Wote wawili wamekosea.

Sheria ya Mikataba ya Tanzania, ambayo chimbuko lake ni ile ya India ya mwaka 1872, inaweka wajibu wa mdhamini sawa na wa mdaiwa mkuu, isipokuwa mkataba ukisema vingine. Kwa hiyo mdai halazimiki kuuza kwanza mali ya kampuni. Hapa ndipo ilipo kasoro ya pili, nayo ni kubwa kuliko ya kwanza: tafsiri isemayo mdhamini atalipa "kampuni ikishindwa kulipa". Kushindwa ni kukosa uwezo. Mkurugenzi atajitetea kwamba kampuni haijashindwa, kwani malori yake yangalipo. Benki nayo itajibu kwamba siku ya malipo imepita. Kila upande una neno lake, na mgogoro umezaliwa na mtafsiri. Iandikwe "isipolipa", nayo hoja hiyo itakwisha.

Kasoro ya tatu ni "udhamini endelevu", kwa ule udhamini unaohusu mikopo inayofuatana. Endelevu ni sifa ya maendeleo yanayodumu bila kuharibu rasilimali. Heri tuseme "udhamini wenye kuendelea". Ijulikane pia kwamba mdhamini aweza kuuondoa kwa taarifa, lakini kwa mikopo ijayo tu. Kujiuzulu ukurugenzi hakufuti deni lililokwisha kuingia.

Tunapendekeza basi: udhamini uwe ahadi ya kulipa deni la mwingine, rehani iwe mali iliyowekwa, dhamana iachiwe mahakama ya jinai. Watakaopinga watasema mdhamini ni pia mlezi wa mali ya msikiti au mfadhili wa ligi ya mpira. Ni kweli, ndiyo maana katika mkataba aitwe "mdhamini wa deni", na fomu itaje kwamba atalipa kwa mali yake mwenyewe. Maneno hayo ni marefu kuliko "dhamana binafsi", lakini atakayeyatia sahihi atajua analotenda.