Umeme Unaotangulia Maumivu

Ukijigonga kiwiko, mkono wa pili hukimbilia kupasugua, na kweli unapata nafuu. Mwaka 1965 Ronald Melzack na Patrick Wall walitoa maelezo: ndani ya uti wa mgongo, taarifa za mguso zinaweza kufunga lango linalopitisha taarifa za maumivu.

Miaka miwili baadaye Wall na daktari wa upasuaji William Sweet waliijaribu nadharia hiyo. Walianza na miili yao wenyewe, wakajichoma sindano za umeme kwenye neva iliyo chini ya jicho. Kisha wakawageukia wagonjwa wanane wenye maumivu makali ya muda mrefu. Umeme ulikwenda kwa mapigo 100 kila sekunde, kila pigo likidumu sehemu moja ya kumi ya milisekunde, nguvu ikapandishwa hadi mgonjwa aseme anasikia ganzi ya kutekenya. Hapo ndipo penye ufundi. Nyuzi nene za neva, zinazobeba mguso, huamshwa na umeme mdogo kuliko nyuzi nyembamba za maumivu. Ukiishia kwenye ganzi hiyo, umeamsha zile unazozitaka na kuziacha nyingine zimelala. Wagonjwa wanne, wenye maradhi ya neva zenyewe, walistarehe zaidi ya nusu saa baada ya dakika mbili tu za umeme.

Mwaka huohuo wa 1967, daktari Norman Shealy alipandikiza kifaa cha kupeleka umeme kwenye uti wa mgongo wa mgonjwa wa saratani huko Marekani. Vifaa vya leo ni watoto wa kile.

Lakini ganzi ileile iliyomwongoza daktari iliharibu upimaji. Mgonjwa aliyejua kifaa kimewashwa angetofautishaje nafuu ya umeme na nafuu ya matumaini? Mbinu mpya zisizoleta ganzi ndizo zilizoruhusu jaribio la haki. Huko Norway, watu 50 waliobaki na maumivu baada ya upasuaji wa mgongo walipewa vipindi vya kifaa kuwashwa na kuzimwa bila wao kujua. Matokeo yalitoka 2022: hapakuonekana tofauti ya maana.

Jaribio hilo lilipima aina moja ya mapigo na kundi moja la wagonjwa, kwa hiyo halizifuti nyingine. Hata hivyo, ukishauriwa kupandikizwa kifaa hiki, muulize daktari: kwa ugonjwa wangu, kimewahi kulinganishwa na kifaa kilichozimwa?