Kalamu ya Hakimu wa Mahakama ya Mwanzo

Anayeingia Mahakama ya Mwanzo kwa mara ya kwanza hudhani kesi imekwama. Shahidi amesema sentensi moja, kisha kimya. Mdai anaangalia dari, mdaiwa anaangalia viatu vyake, na hakimu ameinama mezani. Anaandika. Wengi huchoka hapo na kutoka nje kuota jua, maana Sumbawanga iko juu na asubuhi zake zina baridi kweli. Ila mimi huwashauri wabaki. Kazi yenyewe ndiyo hiyo inayofanyika.

Chukua kesi ya kawaida kabisa kwa huku Ufipa: deni la mahindi. Mdai anasema alimkopesha jirani magunia matano, alipwe baada ya mavuno, hakulipwa. Anasimama shahidi wake, mtu mzima.

“Mzee, wewe ulijuaje kama ni magunia matano?”

“Si nilikuwepo wakipakia kwenye mkokoteni! Nimeyafunga yote matano kwa mkono wangu huu.”

“Ilikuwa mwaka gani?”

“Aa, mwaka ule mvua ilipokatika mapema.”

Sasa tazama kinachobaki kwenye jalada: “Nilikuwepo magunia yalipopakiwa kwenye mkokoteni. Yalikuwa matano. Niliyafunga yote mimi mwenyewe. Ilikuwa mwaka ule ambao mvua ilikatika mapema.” Maswali yametoweka, majibu yamegeuka simulizi la mtu anayejisemea. Mshangao umeondoka na mkono ulioinuliwa umeondoka, lakini hakuna neno lenye uzito lililopotea. “Niliyafunga mimi” limebaki, kwa sababu ndilo linalomtenga mzee huyu na mtu aliyesimuliwa kilabuni. Mwaka nao haukupewa tarakimu, ingawa kila aliyekaa chumbani pengine anaukumbuka. Shahidi hakuutaja, na hakimu hana ruhusa ya kumkumbukia. Haya yote yanaamuliwa huku kalamu inatembea na watu wanasubiri.

Kuna siku shahidi ni bibi ambaye Kiswahili chake ni cha sokoni tu, na jambo zito hulisema kwa Kifipa. Hapo anaapishwa mkalimani, na ushahidi unapita midomo miwili kabla ya kufika kwenye wino. Hakimu mzuri hupunguza mwendo. Huuliza tena, kwa upole, mpaka aone bibi anatikisa kichwa kukubali.

Halafu inakuja sehemu ninayoipenda kuliko zote. Kanuni za mwenendo wa mashauri ya madai katika Mahakama za Mwanzo, za mwaka 1964, zinamtaka hakimu aandike kiini cha ushahidi kwa Kiswahili, amsomee shahidi alichokiandika, aingize masahihisho, kisha athibitishe chini ya ushahidi huo kwamba amefanya hivyo. Kwa hiyo anasoma. Mzee wetu anasikiliza maneno yake yakimrudia kwa sauti ya mtu mwingine, na ghafla anainua kidole: mkokoteni ulikuwa wa shemeji wa mdaiwa, asije akaeleweka vibaya. Hakimu haoni haya wala hakasiriki. Anaandika sahihisho, anaendelea kusoma. Mtu ambaye pengine hajawahi kuhariri hata barua amehariri kumbukumbu ya mahakama, na kumbukumbu imekuwa bora.

Utaratibu huu ukiupima kwa historia ya eneo hili, ndipo unapoiona thamani yake. Wajerumani walikuwa na boma lao Kasanga, kando ya Ziwa Tanganyika, wakapaita Bismarckburg, hadi Waingereza walipoliteka Juni 1916. Enzi hizo aliyekusanya kodi ndiye aliyesikiliza mashauri ya wenyeji. Waingereza, kwa sheria yao ya mahakama za wenyeji ya 1929, waliwaachia watawala wa jadi sehemu kubwa ya kazi hiyo, na huku watawala walikuwa Mwene wa Nkansi na Mwene wa Lyangalile. Uchifu ulipofutwa mwaka 1963, mwaka huohuo ikatungwa Sheria ya Mahakama za Mahakimu, na mahakama ya mtaani ikawa ngazi ya chini ya Mahakama ya taifa zima. Hakimu akatenganishwa na mtawala. Sheria iliyofuata, ya 1984, ilimweka aketi na wazee wa baraza wasiopungua wawili, na wazee hao walipewa kura. Wakiungana, walimshinda hakimu mezani kwake.

Kuandika kwa namna hii kuna sababu nzito. Aliyeshindwa ana siku 30 za kukata rufaa Mahakama ya Wilaya, na kutoka huko anaweza kupanda hadi Mahakama Kuu, ambayo ina kanda yake papo hapo Sumbawanga. Kwa kawaida, majaji wa juu hawamwoni mzee aliyefunga magunia. Wanasoma karatasi. Kwa miongo mingi walizisoma kwa Kiswahili na kuandika hukumu zao kwa Kiingereza; sheria ya 2021 ndiyo iliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama zote. Mahakama ya Mwanzo haikuwa na cha kubadilisha. Ilikuwa imeandika Kiswahili muda wote, tena Kiswahili kizuri, kifupi, kisicho na mapambo. Waandishi wengi wa magazeti, nami nikiwemo, tungefaidika kukaa benchi la nyuma.

Kompyuta zinaingia mahakamani, na sina ugomvi nazo. Mwandiko wa baadhi ya mahakimu ni adhabu tosha kwa karani wa kuchapa. Lakini mashine ikinasa kila kikohozi, bado atahitajika mtu wa kujua kiini ni kipi, na wa kumsomea shahidi.

Nawe msomaji, siku ukiitwa shahidi, usiwahi mlango. Hakimu akianza kukusomea, sikiliza kila sentensi, na palipokosewa inua kidole. Rufaani kitakachosomwa ni hicho kilichoandikwa.