Tahajia Ilisahihishwa, Tuhuma Ikaachwa

Sote tuliofuatilia sakata la wasifu wa mwanahabari Mmarekani John Seigenthaler kwenye Wikipedia tunakumbuka lawama zilivyomwangukia aliyepachika uongo ule Mei 26, 2005. Mimi namlaumu zaidi aliyepita siku tatu baadaye. Mei 29 mhariri wa kujitolea aliufungua ukurasa, akasahihisha neno moja lililokosewa tahajia, akahifadhi, akaenda zake. Uamuzi ule hauna utetezi.

Makala yenyewe ilikuwa sentensi tano, bila chanzo hata kimoja. Neno alilolirekebisha lilikuwa katika sentensi ya kwanza, isemayo Seigenthaler alikuwa msaidizi wa Robert Kennedy mwanzoni mwa miaka ya 1960. Hilo ni kweli. Sentensi iliyofuata ilidai kwamba kwa muda alidhaniwa kuhusika moja kwa moja na mauaji ya John Kennedy na ya nduguye Robert. Ya tatu ikajikinga: hakuna kilichothibitishwa. Nani alimdhania? Polisi wa wapi, tume ipi, gazeti gani? Tuhuma ya mauaji isiyo na mwenyewe haiachwi ikisubiri tanbihi. Ilipaswa kuondolewa papo hapo, kwa kuwa aliyetuhumiwa alikuwa hai na watu walikuwa wakiisoma.

Wala mhariri yule hakuhitaji kwenda maktaba. Sentensi ya nne ilimhamishia Seigenthaler Umoja wa Kisovieti kuanzia 1971 hadi 1984. Mwaka 1982 mzee huyu alikuwa mkurugenzi mwanzilishi wa ukurasa wa maoni wa USA Today, naye alikuwa akiongoza gazeti la The Tennessean kule Nashville. Kuulizia kidogo tu kungeibomoa makala nzima, na kungemletea mhariri kilichostahili kuandikwa: mwaka 1961, akiwa mjumbe wa serikali, Seigenthaler alipigwa bomba kichwani hadi akazimia mjini Montgomery alipojaribu kuwaokoa wanaharakati waliopanda mabasi kupinga ubaguzi. Hilo halikuwamo.

Nimeshawasema sana wahariri wa nukta na mkato, na sijachoka. Wakishapita wao, ukurasa unaonekana umekaguliwa, na anayekuja nyuma hana shaka tena. Uongo ule ulidumu miezi minne, Reference.com na Answers.com zikaunakili kama ulivyo.

Leslie Stephen, aliyeanza kutoa kamusi ya wasifu wa Waingereza mwaka 1885, hakupokea mtu aliye hai, na kila makala yake ilifungwa kwa orodha ya vyanzo. Wino wa kalamu ulikuwa na nidhamu ambayo kibodi haijaifikia.

Sera ya wasifu wa watu walio hai, iliyozaliwa na sakata hili, ni kazi safi. Ila hatua iliyotangazwa kwa kishindo Desemba 2005 ilikuwa kuwazuia wasiojiandikisha kuanzisha kurasa mpya. Mhariri wa Mei 29 hakuanzisha ukurasa wowote. Kwa kanuni hiyo angepita vilevile, akasahihisha neno lake, akaiacha sentensi ya pili palepale.