Wasia wa Mama na Sikio la Mwana: Kuusoma Upya Utendi wa Mwana Kupona

Utendi wa Mwana Kupona niliusikia kabla sijajua kusoma. Mama yangu, ambaye kwa upande wa mamaake asili yake ni Amu, alikuwa akiughani jioni barazani kwetu hapa Unguja huku mikono yake ikidarizi kofia. Hakuwa akimghania mtu. Beti zilipanda na kushuka pamoja na sindano, na sisi watoto tulizipokea kama tulivyoipokea harufu ya udi: kitu cha nyumbani kisichoulizwa maana.

Nilipoukuta darasani, nikiwa msichana, niliuchukia. Tulifundishwa kwamba ni utendi wa kumfunza mke utiifu, na mtihani ukatutaka tuyaorodheshe mafunzo hayo. Niliyaorodhesha, nikapata alama nzuri, kisha nikarudi nyumbani nikamwambia mama kwamba utendi wake ni minyororo. Hakunijibu. Alitabasamu, akaendelea kudarizi. Sasa mama ni marehemu, nami nina binti wangu. Makala haya ni ya kukiri kosa la usomaji, na naamini kosa hilo si langu peke yangu.

Tuanze na mtunzi mwenyewe. Mwana Kupona binti Msham alikuwa mke wa Bwana Mataka, mtawala wa Siu katika kisiwa cha Pate, aliyeshindana kwa miaka mingi na Seyyid Said wa Unguja. Bwana Mataka alifariki mwaka 1856. Mwaka 1275 wa Hijra, yaani 1858, mjane wake alitunga beti 102 kwa ajili ya binti yao, Mwana Hashima. Katika beti za mwanzo anasema kwamba maradhi yamemshika mwaka mzima. Haukupita muda mrefu naye akafariki.

Mwaka 1934 Alice Werner na William Hichens waliuchapisha utendi huu pamoja na tafsiri ya Kiingereza, wakaupa jina linaloueleza kuwa ni nasaha juu ya wajibu wa mke. Kazi yao tunaishukuru. Hata hivyo, jina lile lilifungua mlango mmoja tu wa nyumba yenye milango mingi, na wasomaji wengi tumekuwa tukiingilia hapo hapo. Wako wanaouona utendi kuwa ni sheria ya utiifu. Wako wanaouona kuwa ni kejeli iliyofichwa kwa ustadi. Makundi yote mawili yanamtazama mume. Mimi naona kwamba kiini cha utendi ni mama anayejua kuwa muda unamwishia, na neno lake bado hajalisema.

Tazama unavyoanza. Mama hatangulizi amri. Anamwita binti asogee, aketi, alete wino na karatasi. Kabla ya mafunzo anampamba: anampa hirizi, anamtungia kidani cha lulu na marijani. Ni mapambo ya bibi harusi, lakini anayepamba ni mtu anayeaga. Furaha na msiba vimekaa mkeka mmoja, na mtunzi havitenganishi.

Kisha, baada ya mafunzo ya unyumba, anaanza kukumbuka. Anamsimulia binti jinsi alivyoishi na baba yake kwa furaha na kicheko, bila ugomvi, na jinsi marehemu alivyoondoka akiwa radhi naye. Darasani sehemu hii tuliiita mfano wa kuigwa. Leo ninapoisoma namsikia mjane akimrudishia mtoto baba aliyezikwa juzi tu. Na utendi hauishii kwa mume. Sehemu kubwa ya mwisho ni dua: Mungu amponye yeye, awahifadhi watoto wake, awaangalie ndugu zake. Mwanafunzi anayeandika orodha ya mafunzo hafiki huko, kwa sababu dua haiingii katika orodha.

Hata bahari ya utendi inashuhudia. Kila ubeti hufunga kwa sauti ya "ia", na Kiswahili hutumia sauti hiyo hiyo tunapomtendea mtu jambo kwa ajili yake: kumpikia, kumwachia. Sidai kwamba Mwana Kupona alikusudia hivyo. Kina hicho ni cha kawaida katika tenzi zetu. Nasema tu kwamba mtoto aliyelala akiisikia sauti hiyo hufahamu, kabla ya maneno kumwingia, kwamba yuko mtu anayemfanyia jambo.

Hata hivyo, mapenzi yasitupofue. Utendi huu ni wa bibi wa ukoo wa watawala, katika jamii iliyomiliki watu. Binti anaonywa asichanganyikane na watumwa ila wakati wa kazi. Hatuna haki ya kuufunika ubeti huo kwa kisingizio cha zama. Huruma ya mama huyu ina mpaka, na ng'ambo ya mpaka huo walikaa mama wengine na mabinti zao, ambao wasia wao haukupata wino wala karatasi. Mhakiki anayeusifu utendi pasi na kuitaja dosari hii hausifu, anaupaka mafuta.

Mwaka huu nilimghania binti yangu utendi mzima huku nikimsuka nywele, kitabu kikiwa magotini. Nilipofika ubeti wa watumwa aliuliza, "Mama, na bibi alikuwa akiisema hii?"

Nilinyamaza nikayarejea yote niliyoyahifadhi kwa sikio kutoka barazani. Hirizi ilikuwamo, kidani kilikuwamo, kicheko cha baba kilikuwamo, na dua yote. Ubeti ule haukuwamo. Nilikuwa nimeujua kitabuni tu. Miaka yote ile mama alikuwa akiuruka, bila kutueleza, akitoka ubeti wa nyuma na kuingia wa mbele kama mtu anayevuka shimo analolijua njiani.

Mimi nilidhani alikuwa akirithi bila kuchagua, na kwamba uhakiki nilikwenda kujifunza shuleni. Kumbe mhakiki wa kwanza wa utendi huu nyumbani kwetu alikuwa na sindano mkononi. Nilimjibu binti yangu kwamba bibi yake hakuwa akiisema. Kisha nikamsomea ubeti wenyewe, polepole, ili naye ajue kilichorukwa.