Karim alirudi na mkono uleule, Obuya akarudi na mwingine

Mipira 50, mikimbio saba, wiketi tatu. Kati ya ova (duru za mipira sita sita) nane na ushei alizorusha, sita hazikutoa hata mkimbio mmoja. Ndivyo Aasif Karim alivyowafanyia Waaustralia mjini Durban tarehe 15 Machi 2003, katika Kombe la Dunia la kriketi ambalo Australia haikushindwa mechi yoyote. Mzaliwa huyo wa Mombasa alikuwa na miaka 39. Alikuwa amestaafu baada ya Kombe la Dunia la 1999, alipokuwa nahodha wa Kenya, kisha akaombwa kurudi wakati wengi walikuwa wamekwisha kumsahau.

Kwetu Eastlands, Nairobi, ni nchi ya kandanda na ndondi. Kutoka Eastleigh ukivuka Pangani, uwanja wa Sir Ali Muslim Club uko hapo Ngara, mwendo wa miguu tu, lakini vijana wengi wa Kaloleni na Jericho hawajawahi kuukanyaga. Viwanja vya kriketi vya Nairobi vilikuzwa na vilabu, vingi vikiwa vya jamii za Kihindi, na pedi, glavu na ule mpira mgumu si vitu vya kununuliwa kwa mchango wa shilingi kumi kumi. Hata hivyo nina sababu ya kuwaletea habari za kriketi. Mitaani kwetu kijana akiumia goti, hukumu hutolewa kabla uvimbe haujashuka: huyo ameisha. Karim na Collins Obuya, mwenzake katika timu ya Kenya, walirudi kwa njia mbili zisizofanana kabisa, na tofauti hiyo inatufaa sisi kuliko inavyowafaa watu wa kriketi.

Nianze na Karim. Siku ile Kenya ilipata mikimbio 174 kwa wiketi nane, baada ya Brett Lee kung'oa wagongaji watatu kwa mipira mitatu mfululizo. Adam Gilchrist akajibu kwa mikimbio 67 katika mipira 43, na mechi ikaonekana kwisha. Karim alipoushika mpira, Ricky Ponting alinaswa mguu ukiwa mbele ya wiketi, Darren Lehmann akadakwa, na Brad Hogg akaurudisha mpira hewani hadi mikononi mwa Karim mwenyewe.

Alifanyaje? Karim alirusha kwa mkono wa kushoto, taratibu, akiuzungusha mpira kwa vidole. Hakuwa na mzunguko wa kutisha. Silaha yake ilikuwa kulenga: mpira baada ya mpira ulielekea kwenye vijiti, ukatua mahali ambapo mgongaji hawezi kusonga mbele kwa uhakika wala kurudi nyuma kwa starehe. Dhidi ya mpira wa aina hiyo, anayepiga kwa kukata upande hubaki ameuacha mguu wazi, na anayeharakisha gongo huuinua mpira kabla haujamfikia vizuri. Tukumbuke pia kwamba Australia ilihitaji mikimbio michache ikiwa na ova tele mkononi, kwa hiyo haikuwa na haraka ya kumshambulia. Mwishowe ilishinda kwa wiketi tano. Lakini Ponting na Lehmann hawakuwa watu wa kugawa wiketi zao, na tuzo ya mchezaji bora ilikwenda kwa Karim ingawa timu yake ilishindwa.

Siri ya kurudi kwake naiona katika aina ya kazi aliyoifanya. Urushaji wa vidole, kwa hatua chache za kukimbilia, hautegemei mbio za miguu wala nguvu za bega. Hutegemea kumbukumbu ya mkono na utulivu wa kichwa. Miaka minne ya kupumzika ilichukua vitu ambavyo kazi yake haikuvidai sana. Fundi wa Kamukunji anayenyoosha bati huku akizungumza na mteja angemwelewa Karim mara moja.

Obuya ndiye mgumu wa kueleza, na ndiye ninayemthamini zaidi.

Tarehe 24 Februari 2003, katika Kombe lilelile la Dunia, kwenye uwanja wa Nairobi Gymkhana, kijana huyu wa miaka 21 alichukua wiketi tano za Sri Lanka kwa mikimbio 24. Kenya ikashinda kwa mikimbio 53. Aravinda de Silva na Mahela Jayawardene walikuwa miongoni mwa walioangukia mikononi mwake. Yeye alizungusha mpira kwa kifundo cha mkono, ufundi mgumu kuliko wote katika urushaji. Mpira hutoka nyuma ya kiganja, na ili ujipinde na kuanguka panapotakiwa, mwili mzima hugeuka juu ya mguu wa mbele. Mguu huo ukitetereka kidogo tu, mpira hutua mfupi au hufika ukiwa hewani, na mgongaji anajihudumia.

Timu ya Warwickshire ya Uingereza ikamchukua mwaka huohuo. Goti likamsaliti, akafanyiwa upasuaji, na ule mzunguko haukurudi tena kuwa silaha kuu ya Kenya. Hapa ndipo wachezaji wengi huzama. Hujaribu mwaka baada ya mwaka kurudisha mpira uleule uliowapa jina, huku goti likikataa kila siku.

Obuya alifanya kingine. Alikuwa na mbegu ambayo watu hawakuitazama sana kwa sababu ya kelele za zile wiketi tano. Katika nusu fainali ya Kombe hilo dhidi ya India, tarehe 20 Machi 2003, alifunga mikimbio 29 wakati wenzake wengi walikuwa wakianguka. Mbegu hiyo ndiyo aliyoipalilia. Sura ya mgongaji ilichukua miaka kukamilika, nayo ilikuwa miaka mibaya ya kriketi ya Kenya, yenye mgomo wa wachezaji mwaka 2004 na mechi chache dhidi ya mataifa makubwa.

Tarehe 13 Machi 2011, mjini Bengaluru, katika Kombe jingine la Dunia, Australia ilikuwa imefunga 324. Kenya ilikuwa na 46 kwa wiketi tatu, mbele ya Brett Lee, Shaun Tait na Mitchell Johnson, warushaji ambao mpira wao unakufikia kabla hujamaliza kuwaza. Wiki tatu kabla yake timu hiyohiyo ilikuwa imeporomoka kwa 69 mbele ya New Zealand. Obuya na Tanmay Mishra wakaongeza mikimbio 115 pamoja. Mishra alipotoka na 72, Obuya alibaki, akabaki mpaka ova zikaisha: 98 bila kutolewa, katika mipira 129.

Ukizipasua hesabu hizo utaona kazi yenyewe. Alipiga mara tisa za nne na mara tatu za sita, yaani mikimbio 54 kutoka kwa mipira 12. Mikimbio 44 iliyobaki aliitoa kwenye mipira 117. Huyo ni mtu aliyekubali kuzuia, kuacha mpira upite, kuokota mmoja hapa na mmoja pale, akingoja ule wa kuupiga. Nadhani miaka ya urushaji ilimsaidia: anayejua mrushaji anatega wapi hakimbilii chambo. Hakuwahi kufikisha mia katika mechi za kimataifa za ova 50, na ile 98 ndiyo iliyobaki kuwa kilele chake. Alistaafu Machi 2024, baada ya Michezo ya Afrika mjini Accra, akiwa amecheza tangu 2001.

Lakini kuna sharti ambalo ujasiri wa Obuya peke yake haukulitosheleza: alingojewa. Kenya ilikuwa na wachezaji wachache wa kiwango chake, kwa hiyo ilimpa nafasi ya kujifunza kazi mpya akiwa bado ndani ya timu. Katika nchi yenye warushaji mia wanaosubiri mlangoni, angeachwa njiani mwaka 2004.

Kandanda ya Eastlands ina hao mia. Jioni yoyote pale Camp Toyoyo, Jericho, winga akitolewa kwa machela, mwingine amekwisha kufunga kamba za viatu. Kocha hana daktari wa viungo wala fedha za upasuaji, na simlaumu kwa hilo. Kitu kimoja hakimgharimu shilingi: kumwambia yule winga aje mazoezini na magongo yake, asimame nyuma ya goli, ajifunze jinsi kiungo wa kati anavyoupokea mpira akiwa amekwisha kutazama nyuma ya bega. Mbio zake huenda zisirudi. Macho yake hayajaumia, na miezi sita ya kutazama kwa mpango inatosha kumjulisha kama kuna nafasi nyingine uwanjani inayomfaa.