Kabla ya kununua koili, angalia shimo

Toyota Ist ya 2003, injini ya 1NZ-FE, sisi 1,497. Asubuhi inawaka bila shida. Ikifika Ubungo kwenye foleni, joto limeshapanda, inaanza kutetemeka kama ina homa, na ukikanyaga mafuta inasita. Mafundi wana neno lake: inamisi. Na dawa yao ni moja: badilisha koili.

Mara ya kwanza nilikubali. Nikapewa koili mpya ndani ya kiboksi chenye jina kubwa la Japani, kwa bei ambayo peke yake ilitosha kunishtua. Ilidumu wiki sita.

Mara ya pili tulikwenda taratibu. Injini ikiunguruma pole pole, fundi alichomoa soketi ya koili moja, akairudisha, akahamia inayofuata. Ukichomoa ya silinda nzima, mlio unabadilika. Ya namba mbili alipoichomoa haukubadilika hata kidogo. Tukazima, koili hiyo tukaihamishia silinda ya nne, na ugonjwa ukahama nayo. Ungekuwa kwenye plagi au nozeli, ungebaki pale pale. Kuzipima koili hizi kwa mita ya kawaida hakusaidii: zina pini nne, na swichi yake ya elektroniki imefungiwa humo humo kichwani.

Sasa, kilichoiua? Tulimulika tochi kwenye shimo la silinda ya pili tukakuta mafuta ya injini yametuama. Mpira wa koili ulikuwa umevimba na kulegea kama embe lililoiva kupita kiasi. Gasketi ya tapeti kava ilikuwa inavujisha. Plagi nazo zilikuwa zimelika; mwanya ambao hukaa kwenye milimita 1.1 ulikuwa umefika 1.4. Mwanya ukipanuka, koili inalazimika kupandisha umeme zaidi ili cheche iruke. Zile volti 12 za betri zimeshageuzwa kuwa makumi ya maelfu, na zikishindwa kupita kwenye plagi zitatafuta upenyo kwingine: kwenye mpira uliolegea, au ndani ya koili yenyewe. Koili yangu ya kiboksi huenda ilikuwa feki, lakini hata orijino ingeteseka mle.

Ndipo tukaenda Kariakoo. Usiombe "koili ya Ist". Toleo la 2007 lina pia injini ya 2ZR ya sisi 1,800, na koili yake ni nyingine. Taja namba: 90919-02240.

"Kaka, unataka ya Mchina, yuzidi, au og?"

Nilimwomba muuzaji aziweke zote tatu kaunta. Ya Mchina ilikuwa nyepesi mkononi, maandishi yake yamechapwa juu juu, kucha inayakwangua. Uzito si ushahidi wa mwisho, ila tofauti ile ilinitosha. Og ilikuwa na boksi la Toyota. Denso ndiyo inayoitengenezea Toyota koili hizi, kwa hiyo ukiipata kwenye boksi la Denso lenyewe, kwa muuzaji unayemwamini, hakuna sababu ya kulipia nembo.

Pesa ya og ikikosekana, mimi nachukua yuzidi iliyotoka na injini ya Japani kuliko mpya isiyo na ukoo. Naikagua: mpira usiwe na nyufa wala mstari mweupe wa cheche iliyovuja, pini zisiwe na kutu, plastiki ya kichwa isiwe imepasuka. Na namwambia muuzaji mapema kwamba ikimisi nairudisha.

Nilinunua og moja, si nne. Zile tatu zilikuwa nzima. Plagi nilibadilisha zote, na gasketi. Wengine huahirisha wakisema gari bado linatembea, lakini petroli isiyoungua inaishia kwenye masega ya sailensa, na masega yakiyeyuka, bei ya koili utaiona ya karanga.

Fundi alikausha shimo kwa kitambaa kilichofungwa kwenye bisibisi, mara tatu, hadi kikatoka kikavu. Ndipo akaishusha koili mpya na kukaza bolti kwa spana namba kumi, kwa vidole viwili tu.