Kamba ya Mkononi

Nyuzi mbili hulala katikati. Kazi yao ni kubeba tu. Mbili za pembeni ndizo zinazotembea. Ya kushoto inapita juu ya zile zilizolala na kuacha kitanzi kidogo ubavuni. Ya kulia inaikanyaga ncha ya mwenzake, inazama chini ya zile mbili, inaibukia ndani ya kitanzi. Vuta. Sasa ni zamu ya kulia kuanza. Vuta tena. Jioni nikikaa barazani hapa Shika Adabu, Likoni, matatu za Ukunda zikipita na makondakta wakiita abiria wa feri, mikono yangu hufanya hivyo bila kuniuliza, mpaka msuko ukatosha kuzunguka kifundo cha mkono. Nalipenda jina hilo la mwilini: kifundo. Ukivaa bangili ya kamba, fundo limevishwa fundo.

Mtaa wetu una jina la kuamrisha, na kamba nayo ina adabu yake. Kila upande upewe zamu. Ukisahau, ukaanza kushoto kila mara, msuko wote unaanza kujizungusha kama ngazi ya mnara. Wapo wanaoukusudia mzunguko huo, na ni mzuri kweli. Lakini uliokuja kwa usahaulifu hujulikana mara moja, maana huanza katikati ya njia, pale pale mawazo yako yalipotoroka. Nimewahi kusoma msuko wangu wa jana na kukumbuka ni saa ngapi niliitwa na mtu.

Kamba ninayoisuka ni parakodi, kamba ya parachuti. Ni nailoni, uzi uliopatikana mwaka 1935 katika maabara ya DuPont huko Marekani, mikononi mwa Wallace Carothers na wenzake. Vita Vikuu vya Pili vilipoikata njia ya hariri ya Japani, nailoni ikapanda angani badala yake, ikawa ndiyo inayomning'iniza askari chini ya mwavuli wake. Aina inayopendwa na wasukaji ina unene wa milimita 4 hivi. Nje ina ala iliyosukwa, na ndani mna nyuzi 7 zilizosokotwa. Inatakiwa ihimili pauni 550, karibu kilo 250, yaani mifuko mitano ya simiti ikining'inia kwenye kitu chembamba kuliko kidole cha mtoto. Yangu huitafuta Kongowea kwenye mitumba, ikiwa imefungwa kwenye mahema na mabegi ya safari. Naikata ncha na kuhesabu saba. Kisha kiberiti cha gesi: pamba ingekuwa jivu, nailoni huyeyuka ikawa shanga ndogo ngumu, na ncha hiyo haifumuki tena. Bangili moja ya mtu mzima hula karibu mita 3. Mita tatu, na unazibeba bila kuhisi uzito.

Kuna wanaoniambia huu ni mchezo wa ugenini. Huwa nawatazama kwa mshangao, kwa sababu wanasema hivyo wakiwa wamekaa chini ya paa la makuti, juu ya mkeka. Nyanya yangu alisuka ukili akizungumza, akicheka, akimkaripia kuku, macho yake hayapo kwenye miyaa hata kidogo. Ukili ulimtoka vidoleni kama maji yanavyotoka mferejini, ukajikunja mapajani mwake pima kwa pima, ukingoja kushonwa ubavu kwa ubavu uwe mkeka. Makuti ya kumba nayo ni msuko, na ya viungo ni mshono. Nyumba nzima ya pwani ilifungwa kabla haijapigiliwa msumari.

Na chombo cha baharini vilevile. Mwandishi wa Kiyunani aliyeandika habari za pwani hii katika karne ya kwanza aliutaja mji wa Rhapta, na akasema jina hilo limetokana na mashua zilizoshonwa. Wazee wa visiwa vya Lamu waliendelea kuunda mitepe mpaka karibu na siku za babu zetu: mbao zimeshikwa kwa vigingi na kushonwa kwa kamba ya usumba, matanga yake mikeka. Fikiria kazi ya kamba hiyo peke yake. Makumbi ya nazi yanafukiwa kwenye tope la bahari kwa miezi, yanafukuliwa yakinuka, yanapondwa, na wanawake wanasokota nyuzi kwa viganja, kidogo kidogo, mpaka ipatikane kamba ya kutosha kushona jahazi zima. Usumba hauogopi maji ya chumvi kama zinavyoogopa kamba nyingine. Ukilowa unavimba, na mshono unakaza zaidi. Mimi nasuka kwa nyuzi zilizotoka kiwandani, lakini mkono ninaoutumia ni wa akina mama hao.

Mvuvi mmoja wa Likoni ndiye aliyenifungua macho. Alikuwa anatengeneza wavu ufukweni, ana sindano yake ya mti na kibao cha kupimia macho ya wavu, nami nimekaa karibu na kamba zangu, nikijaribu kuunganisha mbili zisizolingana unene. Fundo langu lilikuwa linateleza. Akanitazama kidogo, akachukua ile nene, akaikunja iwe kono. Nyembamba akaipenyeza kutoka chini, akaizungusha nyuma ya shingo ya kono, akairudisha mbele na kuibanisha chini ya mwili wake yenyewe. Akavuta. Halafu akanyoosha wavu mbele yangu, na nikaona fundo hilohilo kwenye kila jicho, mamia na mamia.

Baadaye nikajifunza kwamba wafumaji wa nguo hulitumia hilohilo kuunganisha uzi uliokatika, na mabaharia hulifunga kwenye pembe ya tanga. Clifford Ashley, Mmarekani aliyetoa mwaka 1944 kitabu chenye mafundo zaidi ya 3,800, alitumia miaka 11 kukiandaa. Kati ya yote hayo, ningeulizwa nichague moja la kuondoka nalo, ningechagua hili la wavu. Halina mwenyewe. Umbo lake lilitoka kwenye miyaa na usumba likaingia kwenye katani, likatoka kwenye katani likaingia kwenye nailoni, nalo halikubadilika.

Jambo jingine linalonifanya niupende ufundi huu ni kwamba hauli mali yake. Seremala akikosea ubao umekatika. Fundi cherehani akikosea kitambaa kimepungua. Mimi nikikosea nafumua, na mita tatu ni mita tatu. Fundo jema lazima liwe na hayo mawili, lishike na likubali kufunguliwa. Lugha yetu inalijua lile jingine pia, lisilokubali: tukisema mtu ana fundo moyoni hatumsifu.

Kaskazi iliyopita, maji ya visima yaliposhuka, jirani yangu alikuja na kipande cha kamba ya katani mkononi. Kamba hukatikia pabovu, na hii ilikatika karibu na ndoo. Bahati nzuri ndoo ilikuwa imeshafika ukingoni. Alipoiondoa sehemu iliyooza, iliyobaki haikufika majini.

"Mwanangu, hiyo ya mkononi ni pambo au ni kamba?"

"Ni kamba, mama."

"Basi ivue."

Nikaifumua mbele yake, kitanzi baada ya kitanzi, akawa anacheka kuiona inavyorefuka. Katani nikaikunja kono, nailoni nikaizungusha mara mbili badala ya moja, kwa kuwa inateleza. Ndoo ikashuka, tukasikia maji yakiipokea.

Aliirudisha aliponunua kamba mpya, imeoshwa, imekunjwa vizuri. Kwenye ncha moja palikuwa na fundo dogo, bapa, nisilolijua.

"Na hili, mama?"

"Niliiona kitambo kamba yako inateleza kwenye mkono wa ndoo. Nikaifunga tunavyofunga sisi ukili usifumuke."

Niliingia nalo ndani, nikakaa karibu na taa, nikaanza kuligeuza polepole. Sikulifungua usiku ule. Nilitaka kwanza nione lilivyoingia.